ECN na masoko mbadala ya hisa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku hizi mtu yuko Dar, Nairobi au Muscat ananunua hisa ya Apple kwa simu, anabonyeza, hata sekunde haijaisha anaambiwa oda imekamilika, halafu ndo anaanza kujiuliza: hivi hii imeuzwa wapi? Nani kaniuzia? Jibu fupi ni kwamba pengine oda yako haikukanyaga kabisa lile jengo la New York mnaloliona kwenye TV likipigiwa kengele. Jibu refu liko hapa chini na linaanzia mbali kidogo, manake bila kujua watu walivyokuwa wanapigwa zamani huwezi kuelewa kwa nini haya mamashine yanayoitwa ECN yalipokelewa vizuri hivo.

ECN ni kitu gani hasa?

Ni kifupi cha Electronic Communication Network, yaani kompyuta inayopokea oda za kununua na oda za kuuza hisa halafu inazikutanisha yenyewe. Basi. Wewe umesema unataka hisa 200 kwa dola 30, kuna mwingine huko anauza 200 kwa dola 30, mashine inawaunganisha, biashara imeisha, hakuna aliyepiga simu wala aliyepiga kelele. Kama hakuna anayeuza kwa bei yako, oda inakaa kwenye daftari la mashine inasubiri, na wengine wanaiona ipo. Hilo la kuonekana lishike vizuri, ndo lililoleta ugomvi wote unaofuata.

Kwani kabla ya hapo hisa zilikuwa zinauzwaje?

Kulikuwa na dunia mbili. Ya kwanza ni New York Stock Exchange, NYSE, soko lililoanza 1792 kwa makubaliano ya madalali 24, lenye ukumbi na watu wazima wanapiga kelele, na kila hisa ina dalali wake maalum anayesimamia mnada wake. Ya pili ni NASDAQ iliyofunguliwa tarehe 8 Februari 1971. Watu wengi wanadhani NASDAQ ilikuwa ya kielektroniki tangu siku ya kwanza, hapana. Ilikuwa skrini ya kuonyesha bei tu. Ukishaiona bei unayoipenda unanyanyua simu, unampigia dalali aliyeiweka, mnaongea. Hao madalali wanaitwa maketimeka, kazi yao ni kuweka bei mbili muda wote, bei ya kukununulia na bei ya kukuuzia, kama ule ubao wa duka la kubadilisha fedha: anakupa shilingi kidogo ukileta dola na anakutoza nyingi zaidi ukizitaka, hiyo tofauti ya katikati ndo ugali wake.

Sasa tofauti hiyo, cha juu chao, ilikuwa nene. Bei za hisa Marekani zilikuwa zinaandikwa kwa sehemu za nane za dola, siyo senti. Kwa hiyo hatua ndogo kabisa ilikuwa senti 12 na nusu. Kama maketimeka ameweka tofauti ya robo dola, kwenye hisa 1,000 dola 250 zimeshaondoka kati ya anayeuza na anayenunua, na hapo hujalipa kamisheni.

Nani wa kwanza kuleta mashine?

Instinet, 1969, yaani hata NASDAQ haijazaliwa. Wazo lilikuwa taasisi kubwa, mifuko ya pensheni na wengineo, wauziane wenyewe kwa kompyuta bila kumlipa dalali wa katikati. Miaka mingi ilijikokota tu. 1987 Reuters wakainunua na ikakua kweli.

Ila hapa kuna kichekesho. Wateja wake wakubwa wakaja kuwa maketimeka wenyewe! Wakawa wanaweka bei moja kwenye skrini ya NASDAQ kwa ajili ya mimi na wewe, na bei nzuri zaidi ndani ya Instinet wanapouziana wao kwa wao. Mwananchi wa kawaida hawezi kuingia humo wala haioni hiyo bei. Masoko mawili ya hisa ileile, moja la wenyewe na moja la wapita njia, na wala haikuwa siri kwa walio ndani.

Mbona kila anayeeleza mambo haya anaanza na mwaka 1987?

Kwa sababu ya Jumatatu ile, 19 Oktoba 1987. Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ilishuka pointi 508, asilimia 22.6 kwa siku moja, na mpaka leo haijawahi kutokea siku moja mbaya kuliko hiyo kwa asilimia. Watu wakawa wanapiga simu kwa maketimeka wauze hisa zao, simu zinaita tu. Wengine hawakupokea kabisa. Na unaweza ukawaelewa, nani anataka kununua kitu kinachoporomoka, lakini hiyo ndo ilikuwa kazi waliyoiomba na ndo waliyolipwa siku zote za raha.

NASDAQ walikuwa na kamfumo kadogo kanaitwa SOES, kalianza 1984 kwa ajili ya oda ndogo za wananchi, kanajaza oda chenyewe bila simu. Baada ya aibu ile ikawa lazima kwa kila maketimeka, yaani bei uliyoiweka kwenye skrini mtu akiibonyeza umeuza, hisa hadi 1,000, upende usipende.

Wajanja wakaliona tundu. Vijana kwenye vyumba vimejaa kompyuta walikuwa wanakodolea macho skrini, habari ikitoka tu na maketimeka mmoja amechelewa kubadilisha bei yake, wanamchapa pale pale, wananunua kwake kwa bei ya zamani na dakika mbili baadaye wanauza kwa bei mpya. Maketimeka wakalia sana, wakawaita majambazi wa SOES, na jina likashika. Mimi upande wangu uko wazi, kama umeweka bei heshimu bei yako. Kwenye vyumba hivo ndiko walikotoka watu wa kampuni ya udalali ya Datek, na Datek ndo ikaja kuzaa ECN inayoitwa Island. Subiri tunafika.

Ni kweli kuna maprofesa wawili waliowaumbua NASDAQ?

Kweli kabisa. William Christie na Paul Schultz, 1994. Walichukua data za hisa 100 za NASDAQ zenye biashara nyingi wakaangalia bei zinavyoandikwa. Kwa akili ya kawaida ungetegemea kuona moja ya nane, mbili ya nane, tatu ya nane, zote zimetawanyika. Wakakuta kwenye hisa 70 kati ya hizo 100 zile sehemu za nane zisizogawanyika kwa mbili, yaani moja, tatu, tano, saba, karibu hazipo kabisa! Maana yake ni nini? Kama kila mtu anaruka hizo bei basi tofauti haiwezi kushuka chini ya robo dola. Na madalali kumi au ishirini wanaoshindana hawawezi wote kuruka namba zilezile kwa bahati tu, mwaka mzima.

Magazeti yakaipata habari tarehe 26 na 27 Mei 1994. Tarehe 27 hiyohiyo maketimeka wa Microsoft, Cisco na Amgen wakaanza ghafla kutumia zile namba walizokuwa wanazikwepa, na tofauti ya bei kwenye hisa hizo ikashuka karibu nusu. Siku moja tu. Hawakutungiwa sheria, hawakupelekwa mahakamani, wameandikwa gazetini tu. Mimi naona hiyo ni ushahidi kuliko ile karatasi yenyewe ya utafiti.

Baada ya hapo serikali ikaingia, Wizara ya Sheria wakachunguza wakakuta mpaka rekodi za simu ambazo madalali wanamgombeza mwenzao kwa nini amebana tofauti ya bei, anawaharibia wenzake soko. Kesi ya wawekezaji ikaishia kwa makampuni zaidi ya 30 ya udalali kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa jumla.

Kwa hiyo ECN zililetwa na sheria au na teknolojia?

Vyote viwili ila mimi nawapa sheria alama nyingi zaidi, manake mashine zilikuwepo tangu 1969 na hazikubadilisha maisha ya mwananchi. Kilichobadilisha ni kanuni za SEC, ile mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, zilizopitishwa Agosti 1996 na kuanza kutumika Januari 1997. Zilisema mambo mawili. Moja, mteja akikupa oda yenye bei nzuri kuliko yako huruhusiwi kuikalia, lazima uionyeshe sokoni. Mbili, ukiweka bei nzuri ndani ya mtandao wa faragha kama Instinet, basi na umma uione, ama wewe mwenyewe uirekebishe kwenye skrini au mtandao huo uipeleke hapo.

Hilo la pili ndo lililofungua mlango. Mtandao wowote wa kompyuta sasa ungeweza kuonekana kwenye skrini ya NASDAQ pembeni ya wakubwa kama Merrill Lynch na Goldman Sachs, na kama bei yake ni nzuri watu wanaifuata. Zikachipuka kama uyoga: Island, Archipelago, Bloomberg Tradebook, REDIBook, Brut, Attain na nyingine ambazo hata majina yamesahaulika.

Halafu 2001 sehemu za nane (ambazo 1997 zilishakuwa za kumi na sita) zikafutwa kabisa, NYSE Januari na NASDAQ wakamaliza Aprili, bei zikawa kwa senti. Maketimeka aliyekuwa anakula senti 25 akabaki anagombania senti 1 au 2. Wengi wakafunga biashara.

Island ndo nini na kwa nini inatajwa sana?

Hii ndo naipenda mimi kwa hiyo vumilia. Aliyeiandika anaitwa Joshua Levine, programa wa kule Datek, na ilianza 1996 pale 50 Broad Street, hatua chache kutoka NYSE. Wakati masoko makubwa yananunua makompyuta ya bei mbaya, yeye alitumia kompyuta za kawaida za mezani, na mfumo wenyewe uliandikwa kwa FoxPro, programu ambayo watu wa ofisini walikuwa wanatunzia orodha za wateja na stoo. Mtu wa benki akiona hivo anacheka. Lakini ilikuwa na mbio kuliko zote, manake kila kitu kisicho cha lazima kilikuwa kimetolewa.

Siyo mbio tu. Sehemu za nane zilikuwa bado zinatawala lakini Island iliruhusu bei kwa sehemu 256 za dola, kwa hiyo ungeweza kumpita mwenzako kwa chini ya nusu senti. Wakaweka daftari lao la oda kwenye intaneti bure, mtu yeyote anafungua anaona nani anataka kununua bei gani na kiasi gani, kitu ambacho NYSE kilikuwa cha yule dalali maalum na wachache wa karibu yake. Na wakaanza mtindo wa kumlipa kidogo anayeleta oda na kuiacha ikae kwenye daftari, halafu wanamtoza zaidi kidogo anayekuja kuichukua. Mtindo huo leo uko karibu kila soko Marekani na unalaumiwa kwa mengi, maana dalali anaweza kushawishika kuipeleka oda yako kule anakolipwa yeye badala ya kule kunakokufaa wewe.

Na walikuwa wabishi. Septemba 2002 SEC waliwabana na kanuni ya kuunganisha bei zao za mifuko inayouzwa kama hisa, ile ya kufuata fahirisi (kipimo cha bei za kundi la hisa), na mifumo ya wengine ambayo Island waliiona ni ya kobe. Wakaamua kuzima kabisa onyesho la oda za mifuko hiyo, biashara inaendelea lakini gizani. Yaani hao hao waliojitangaza kwa uwazi.

Na Archipelago?

Ilitoka Chicago, kiongozi wake Gerald Putnam. Ujanja wao ulikuwa tofauti, kama hawana bei nzuri kwenye daftari lao waliipeleka oda yako kwa mshindani mwenye nayo. Baadaye wakaungana na Pacific Exchange ya California, wakapata hadhi ya soko kamili. Ikumbuke hiyo hadhi.

ECN, soko mbadala, soko gizani... mbona majina mengi, tofauti ni ipi?

Soko kamili limesajiliwa, linaorodhesha kampuni au linaruhusiwa kuziorodhesha, na linapaswa kuwasimamia wanachama wake. Soko mbadala ni sehemu ya kukutanisha oda iliyosajiliwa kama dalali, masharti mepesi, chini ya kanuni ya SEC ya Desemba 1998. ECN ni soko mbadala linaloonyesha oda zake. Soko la gizani ni soko mbadala ambalo halionyeshi, unajua bei baada ya biashara kuisha. Zilianzishwa kwa sababu inayoeleweka, mfuko unaotaka kuuza hisa milioni 2 ukionekana tu bei inashuka kabla haujamaliza, lakini siku hizi oda nyingi za humo ni ndogo ndogo tu, hizo za hisa 100, kwa hiyo ile sababu ya mwanzo imechuja.

Hao waasi wameishia wapi?

Wamenunuliwa, karibu wote.

Instinet waliinunua Island 2002. NASDAQ wakanunua Brut 2004, na 2005 wakauchukua mfumo wa Instinet na Island, kwa hiyo NASDAQ ya leo moyo wake ni kizazi cha ile kazi ya Levine. NYSE nao, baada ya miaka 200 ya kujiona, wakaungana na Archipelago Machi 2006, vile viti 1,366 vya wanachama vikafutwa na soko likageuka kampuni ya hisa. NYSE yenyewe ikaja kununuliwa 2013 na ICE ya Atlanta, kampuni changa iliyozaliwa kwenye biashara ya nishati kwa kompyuta.

Kilichowasukuma NYSE kilikuwa kanuni nyingine tena, ya 2005, iliyoanza kufanya kazi 2007, iliyosema oda lazima ikamilike kwenye bei nzuri kuliko zote zinazoonekana popote nchini, ila bei inayolindwa ni ile tu unayoweza kuipata kwa mashine papo hapo. Bei ya kusubiri mtu ukumbini akuangalie hailindwi. Hapo ukumbi ukafa kibiashara hata kama kengele bado inapigwa. Angalia namba za SEC wenyewe: Januari 2005 NYSE walikuwa na asilimia 79.1 ya biashara ya hisa zilizoorodheshwa kwao, Oktoba 2009 asilimia 25.1. Muda wa kujaza oda ndogo ukatoka sekunde 10.1 hadi 0.7.

Kama wote walinunuliwa ushindani si uliisha?

Hapo ndo Kansas wanaingia. 2005, wakati wakubwa wanawameza wadogo, Dave Cummings, mtu wa biashara ya kasi, aliogopa kwamba wakibaki wawili watapandisha ada. Akaanzisha BATS, Lenexa, Kansas, kandokando ya Kansas City, ambako hakuna aliyetarajia soko la hisa. Wakaanza kazi Januari 2006, na Januari 2007 wakafanya vituko, walikuwa wanawalipa wanaoleta oda kuliko wanavyowatoza wanaozichukua, yaani wanapata hasara makusudi ili watu wahamie. Wakahamia. 2008 wakawa soko kamili.

Aibu yao kubwa ni 23 Machi 2012. Siku hiyo BATS walikuwa wanauza hisa zao wenyewe kwa umma kwa mara ya kwanza, kwa dola 16, kwenye soko lao wenyewe, kwa mashine zao wenyewe. Programu ikaleta hitilafu, bei ikaporomoka hadi senti, wakafuta zoezi zima siku hiyohiyo. Soko la hisa limeshindwa kuorodhesha hisa zake! Walirudi tena 2016 wakafanikiwa, na 2017 wakanunuliwa na Cboe ya Chicago. Mzunguko ni uleule.

Leo Marekani kuna masoko kamili ya hisa zaidi ya 15 lakini mengi yako chini ya familia tatu, NYSE, Nasdaq na Cboe. Kwa hiyo ukiambiwa kuna masoko mengi uliza pia wenyewe ni wangapi.

Ulaya walikuwa wanafanya nini?

Walichelewa, halafu wakafanya kwa haraka. Chi-X, iliyoanzishwa na Instinet, ilianza London 2007, na Novemba 2007 sheria ya Umoja wa Ulaya ikaondoa ule ukiritimba wa kila nchi na soko lake. Mabenki makubwa wakaanzisha Turquoise 2008. London Stock Exchange wakainunua Turquoise, BATS wakainunua Chi-X. Umeshazoea hadithi.

Nasikia kuna watu wanashindania sehemu ya milioni ya sekunde, inawezekana?

Inawezekana na inafanyika kila siku. Masoko yakiwa mengi, bei ya hisa moja inabadilika sehemu moja kabla ya nyingine, anayeona kwanza ananunua hapa anauza pale. Soko la New York halipo New York, seva za NYSE ziko Mahwah, za Nasdaq ziko Carteret, na wengine wako Secaucus, zote New Jersey. Makampuni yanapanga nafasi ndani ya majengo hayohayo ili waya uwe mfupi, na walio ndani wanapimiwa waya wa urefu sawa ili asionewe mtu. 2010 kampuni ya Spread Networks ilimaliza kuchimba njia ya faiba karibu iliyonyooka kutoka Chicago hadi New Jersey, kwa takriban dola milioni 300, ili kuokoa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Haikuchukua muda wenye minara ya mawimbi ya redio wakawapita, manake mawimbi hewani yana kasi kuliko mwanga ndani ya kioo.

Kuna waliochoka na hayo. IEX, ya Brad Katsuyama, ilianza 2013 kama soko mbadala, wakachukua waya wa faiba kilomita 61 wakauviringisha kwenye boksi, kila oda lazima ipite humo, inachelewa maikrosekunde 350, yaani sehemu 350 za milioni ya sekunde. Kidogo sana kwa binadamu, kwa roboti, yaani programu zinazonunua na kuuza zenyewe, inatosha kuua ujanja wake. Washindani walipinga kwa nguvu lakini SEC iliwapa hadhi ya soko kamili Juni 2016. Wazo zuri, mimi nalikubali, ingawa kipande chao cha soko kimebaki kidogo na hiyo inakuambia kitu kuhusu wanaoamua oda ziende wapi.

Mashine zikichanganyikiwa inakuwaje?

Inakuwa vibaya na haraka. 6 Mei 2010 mchana, mfuko mmoja mkubwa uliingiza programu ya kuuza mikataba 75,000 ya fahirisi ya S&P 500, thamani yake kama dola bilioni 4.1, bila kujali bei wala muda, roboti zikaanza kurushiana mikataba hiyo zenyewe kwa zenyewe, wanunuzi wakakimbia, Dow ikaanguka karibu pointi 1,000 na kurudi juu ndani ya nusu saa hivi. Hisa ya Accenture iliuzwa senti 1. Miamala zaidi ya 20,000 ilifutwa baadaye. Wale maketimeka wa 1987 hawakupokea simu, roboti za 2010 zilijizima, mimi sioni tofauti kubwa hapo.

Halafu 1 Agosti 2012 Knight Capital waliweka programu mpya kwenye seva zao wakaisahau seva moja, programu ya zamani ikaamka, kwa dakika 45 ikanunua na kuuza kama kichaa. Hasara zaidi ya dola milioni 440. Kampuni ilinusurika kwa kuokolewa na wengine na ikaungana na mwingine.

Sasa oda yangu ya kwenye simu inaenda wapi?

Kama apu yako haikutozi kamisheni, mara nyingi haiendi soko lolote kati ya hayo. Broka wako wa Marekani anaiuza kwa kampuni kama Citadel Securities au Virtu, ambao wanaijaza wenyewe kutoka mifukoni mwao na kumlipa broka kwa kuwaletea wewe. Wanakutaka kwa sababu hujui zaidi yao, samahani lakini ndo ukweli, kufanya biashara na mtu wa kawaida ni salama kuliko na mfuko mkubwa unaojua kitu. Sheria inawalazimisha wakupe angalau bei nzuri inayoonekana sokoni, na mara nyingi wanaongeza kidogo juu yake. Ukijumlisha na masoko ya gizani, karibu nusu ya hisa zinazouzwa Marekani zinauzwa nje ya masoko kamili.

Kwa hiyo ule mpango wa 1997 wa kuhakikisha kila oda inaonekana umerudi nyuma kidogo, dalali wa katikati karudi kwa mlango wa uani. Je unapigwa? Kwa hisa za kampuni kubwa, ukilinganisha na zile senti 25 za 1994, hapana, gharama yako leo ni ndogo mno. Kwa hisa ndogo zisizo na biashara, angalia tofauti ya bei kabla hujabonyeza, huko bado inaweza kuwa nene.

Huku kwetu ECN zipo?

Hapana. Nairobi waliacha kupiga kelele ukumbini wakaingia kwenye mashine Septemba 2006, Dar nao mwaka huohuo, lakini kila nchi ni soko moja na mashine moja. Ukisikia Nairobi wanasema soko mbadala usichanganye, wanamaanisha kitengo cha kampuni ndogo ndani ya soko lilelile. Kuna watu wanataka tulete ushindani wa masoko, mimi naona mapema sana, kwenye hisa ambayo siku nyingine haiuzwi hata moja ukizigawa oda sehemu mbili hakuna atakayekutana na mwenzake.

Apu yangu inaniruhusu kununua hisa za Marekani asubuhi wakati soko limefungwa, inawezekanaje?

Hii pia ni kazi ya ECN, Instinet na wenzake ndo walioanza kuuza baada ya kengele. Soko lenyewe kwa saa za Afrika Mashariki linafunguliwa saa kumi na nusu jioni wakiwa kwenye majira yao ya joto, au saa kumi na moja na nusu majira ya baridi, na linafungwa saa tano usiku au saa sita. Nje ya hapo unahudumiwa na mitandao. Za usiku wao, kama Blue Ocean, zinafanya kazi kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi zetu (ongeza saa moja wakati wa baridi yao), na Novemba 2024 SEC waliidhinisha soko kamili linaloitwa 24X kwa mpango wa kukaribia saa 24. Ila elewa kwamba saa hizo wauzaji ni wachache, tofauti ya bei inapanuka, na 5 Agosti 2024, soko la hisa la Japan lilipoporomoka, Blue Ocean ilizidiwa na oda ikabidi wasimamishe, watu wakabaki wanaangalia skrini. Ukiingia saa hizo weka oda yenye kikomo cha bei, usiweke ile ya kununua kwa bei yoyote itakayokutwa, na kama haikujazwa iache mpaka jioni.